Vikombe Vitatu Kwenye Mkupuo wa Saba

Kabuku, Jumatano alasiri

Kwako mwanangu Mwantumu,

Marahaba. Najua ungeanza wewe kwa shikamoo, kwa hiyo naipokea kabla hujaitoa, maana ukishaimaliza barua hii huenda usitake kuitoa tena.

Umepanda milimani Bungu tangu jana kumuaga bibi yako, na mama yako anasema utashuka na gari la jioni. Kesho asubuhi tunakusindikiza barabarani, unapanda basi la Dar, na keshokutwa uko angani kwenda Uturuki kuendelea na masomo. Kwa hiyo nina alasiri hii tu. Nimekaa karakana, juu ya lile pipa lililopinduliwa, karatasi magotini. Umeme umekatika tangu saa nne, mashine imenyamaza, na leo kwa mara ya kwanza sijamlaani mtu yeyote.

Mambo ya kila siku sikuandikii. Mama yako ameshakujazia kurasa nne. Ameanza na kuchemsha maji ya kunywa, amemaliza na kutoazimisha taulo, na habari ya soksi ameirudia mara tatu. Nimemwambia Uturuki nako wanaishi watu, hawakungoja maagizo kutoka Kabuku ndipo waanze kuvaa soksi. Akaniangalia tu. Akasema, "Wewe andika lako. Ukishindwa, namwambia mimi kesho pale barabarani, mbele ya abiria."

Haya, naandika langu. Nguzo za mzee Koinet hazikukatwa na unga wako. Nilizikata mimi.

Soma tena ukitaka, sitabadilisha. Na naandika leo, si mwakani, kwa sababu nimesikia unachopanga. Nilikuwa nje chini ya dirisha nanoa panga, ukamwambia mama yako kwamba ukifika chuoni utaomba wakuhamishe. Uache plastiki na chembe zake, usome usimamizi wa miradi. Ulisema, "Mkono wa maabara sina, mama. Nikipima mimi, watu wanapata hasara." Nikaendelea kunoa panga ambalo lilikuwa limeshanoleka zamani. Ukihama kwa sababu hiyo, utakuwa umeitupa kazi unayoipenda kwa kosa ambalo hukulifanya, na mimi nitakuwa nimekaa hapa juu ya pipa nikijua. Hilo tu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ungekuwa unahama kwa kuchoka, ningenyamaza, maana kunyamaza nakuweza sana.

Sasa ngoja nikasirike kidogo, kwa sababu hasira ninayo, na sehemu yake ni yako. Lakini lazima nianzie mbali, uone ujinga wangu ulivyokuwa na mizizi.

Ulikuwa darasa la tatu nilipoacha kuuza miti ya ua na kuanza kuyeyusha plastiki. Mchwa wa huku unawajua. Mtu anachimbia nguzo leo, baada ya masika mawili imebaki ganda, ukiigusa inamwagika. Nikasema nitatengeneza nguzo isiyoliwa. Nikawa naokota madumu ya mafuta ya kula na viti vya plastiki vilivyovunjika, nakata, natia kwenye pipa, nawasha moto. Kwangu plastiki ilikuwa plastiki. Dumu, kiti, ndoo, kizibo, vyote vinayeyuka, basi vyote ni ndugu.

Havikuwa ndugu. Nguzo zilitoka nzuri kwa macho, lakini ukiipiga nyundo inaachana tabaka kwa tabaka kama chapati. Nikadhani moto hautoshi. Nikaongeza moto. Nguzo zikawa mbaya zaidi, moshi ukawa mweusi, na mama yako akaanza kile kikohozi ambacho mpaka leo husikika wakati wa vumbi. Fundi mmoja aliyekuwa akipita kwenda Segera aliniambia, "Mzee Omari, unachanganya vitu viwili tofauti hapa." Nilimjibu vibaya sana. Nilimuuliza kama karakana ni ya kwake. Miaka mingi nikaendelea kuongeza moto, kwa sababu tu aliyenisahihisha alikuwa mpita njia na kijana kuliko mimi.

Kisha ukamaliza chuo, ukarudi nyumbani na begi moja la nguo, ndoo moja yenye mfuniko na daftari lenye jalada la bluu. Mama yako alifungua ndoo akifikiri umemletea unga wa ngano. Mimi nilicheka. Binti anasomeshwa miaka minne, anarudi na ndoo ya udongo mweupe!

Ulinieleza, hilo siwezi kukunyima. Ulikaa kwenye kizingiti hiki hiki, ukaokota kipande cha dumu na kipande cha kiti. Ukasema hivi viwili vikiyeyushwa pamoja havichanganyiki hata vikionekana vimechanganyika. Kimoja kinabaki matone ndani ya mwenzake, na pale vinapokutana ndipo pasipo na nguvu, nyundo ikipiga ufa unapita hapo hapo. Ndiyo chapati yangu ile, kumbe. Ukasema chembe za ule udongo zimesagwa hadi kiwango wanachokiita nano, ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na zikisambaa vizuri huenda kukaa mpakani kati ya plastiki mbili. Huko huyazuia matone yasikutane na kuwa makubwa, na nguzo yote inashikana.

Nikakuuliza, kwa dharau, "Na huu unga kikombe kimoja utafanya nini kwenye gunia zima la plastiki?"

Ukajibu, "Baba, muhogo ukiuanika mzima na ukiuanika umekatwa vipande, upi unakauka haraka?"

"Wa vipande."

"Kwa nini?"

"Unapata jua kila upande."

"Basi na unga ni hivyo. Kadiri chembe zinavyokuwa ndogo ndivyo pande zinavyokuwa nyingi. Kikombe kimoja kina pande za kushika gunia zima."

Nilielewa, Mwantumu. Nataka ujue kwamba siku ile ile nilielewa. Lakini nilisema, "Haya, tutaona," nikaondoka kwenda kumwaga majivu ambayo hayakuwa yakisubiri kumwagwa.

Ukafanya kazi miezi kadhaa. Unga uliukausha kwanza kwenye sinia la mama yako juu ya jiko, na yeye akilalamika sinia lake. Kisha hukuutia wote kwenye plastiki kwa pamoja. Ulichukua plastiki kidogo ya dumu, ukaukanda unga humo, ukapitisha mara mbili kwenye mashine ya umeme ya kuyeyushia, ile iliyochukua nafasi ya pipa la moto, ukakata vipande vidogo ukaviita mbegu. Ndipo mbegu ile ikachanganywa na plastiki nyingine yote. Kila tulipowasha mashine na kutoa nguzo uliita mkupuo, ukaupa namba. Mkupuo wa kwanza ulikuwa hovyo. Wa pili ulikuwa na mapovu, ukasema unga haukukauka. Wa tatu, wa nne. Kila mkupuo ulikata vipande vyembamba, ukavibana kwenye jiliwa, ukaning'iniza mawe upande wa pili, ukaandika. Mimi nilipita na kusema, "Sisi tunatengeneza nguzo au tunatengeneza madaftari?" Mkupuo wa sita ulipotoka, ulining'iniza mawe yote tuliyokuwa nayo na ukaenda kuazima mengine kwa jirani. Kipande kilipinda na hakikukatika. Ulipoyatoa mawe, kikarudi polepole.

Ulinitazama. Nilijua unasubiri neno. Nikasema, "Sawa, lakini inapinda."

Neno hilo ndilo chanzo cha yote. Mzee Koinet alikuja kutazama nguzo za zizi la ndama wake, akaegemea moja ya mkupuo wa sita, ikayumba. Akasema, "Hii inalala, Omari." Hakusema kwa ubaya, mtu yule huongea hivyo. Wewe ukamweleza kwamba nguzo ngumu na nguzo imara si kitu kimoja. Ngumu haipindi, ila siku ikizidiwa inakatika ghafla. Hii inakubali kupinda ili isikatike. Mzee akatikisa kichwa akasema ng'ombe wake hawajasoma. Watu wawili waliokuwa wakinunua soda duka la jirani wakacheka, na mimi uso ukaniwaka. Niliona aibu kwa niaba ya nguzo. Ndiyo, inawezekana.

Wiki ile ukaenda Korogwe siku tatu kwa ajili ya vyeti vyako. Uliniachia mbegu kwenye mfuko, tayari imepimwa, na karatasi ukutani: mkupuo wa saba ufanywe kama wa sita. Mzee alitaka nguzo zake kabla ya kuhamisha ndama. Mimi ningeweza kumimina mbegu yako, nikawasha mashine, nikaenda kuswali adhuhuri na moyo mweupe.

Sikufanya hivyo. Niliweka mbegu yako kando. Nikafungua ndoo nikachota unga wenyewe, mbichi, na ndoo ilikuwa imelala wazi usiku kucha kwa sababu niliifungua kuchungulia nikasahau kuifunga. Karatasi yako ilisema kikombe kimoja kilichopanguswa juu. Nikatia vitatu vya kilima. Niliwaza kama ninavyoona watu wakisonga ugali: ukiwa laini, unaongeza unga. Nikaumwaga wote kwenye mdomo wa mashine juu ya plastiki iliyokwisha kuwa moto.

Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na maji ya kunywa. Akasema, "Baba Mwantumu, unatia unga kwenye maji ya moto."

Nikamwambia haya si mapishi.

Akasema, "Unga wa uji hukorogwa kwanza kwa maji ya baridi, pembeni. Ukiutia kwenye moto moja kwa moja unashikana madonge. Mtoto alikuwa anafanya hivyo hivyo, hukumwona?"

Nikamwambia kama anataka kuendesha karakana, nitakwenda mimi kupika. Akaweka maji chini akaondoka. Mwanangu, nina miaka hamsini na sita na sijawahi kukoroga uji hata siku moja. Nimeletewa tu kwenye bakuli. Mtoto yeyote wa kike wa kijiji hiki angeniambia kosa langu, na mke wangu aliniambia, na bado.

Nguzo zilitoka ngumu. Ukizigonga zilikuwa zinalia! Nilizigonga zote, moja moja, nikiwa peke yangu, nikajisikia fundi. Nikazipeleka kwa mzee Koinet kwa trekta la kukodi, nikamwambia aegemee. Akaegemea, hazikuyumba. Nilirudi nyumbani nikala vizuri sana. Uliporudi kutoka Korogwe nikakuambia mkupuo wa saba umeshatoka na umeshakwenda, nawe ukauliza, "Ulifuata karatasi, baba?" Nikasema, "Nilifuata." Mbegu yako ilikuwa nyuma ya mlango wa stoo. Iko hapo mpaka leo.

Hazikukaa hata mwezi. Ng'ombe walisukumana usiku, nguzo zikakatika pale pale kwenye udongo, upande mzima. Fisi akaingia. Asubuhi mzee Koinet alikuwa hapa mlangoni na vipande viwili mkononi. Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Omari, hii miti yako imekatika kama biskuti. Ndama wangu wawili wameliwa."

Ulikuwa umesimama nyuma yangu. Uliuliza, "Ni mkupuo gani?" Na mimi, baba yako, niliyekufundisha kusema kweli kwa kiboko, nilimjibu mzee nikiwa nimekupa mgongo. Nikasema, "Ni mambo ya unga wa binti yangu huyu. Mambo ya chuo."

Ukasogea mbele. Ukasema, "Nisamehe, mzee. Nilipima mimi."

Kuna sekunde pale ambazo ningeweza kuzitumia. Nilizihesabu zikipita. Mama yako alikuwa ameshachukua kipande kimoja mkononi mwa mzee, akakigeuza, akaona ndani madonge meupe, makubwa kama punje za mtama. Akaniangalia. Tangu siku ile hajanitilia uji. Ananiachia unga na sufuria.

Unaweza kuuliza mtu mzima anafanyaje kitu kama hicho. Nitakuambia nilikojifunzia. Babu yako alikata mkonge miaka yote ya ujana wangu, kwenye mashamba ya Korogwe. Siku moja panga lake la kazi likapotea, akasema nimelichukua mimi kuchezea. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilichapwa, nikalitafuta panga siku nzima kwenye jua. Baada ya siku chache akalikuta shambani, pale alipoliacha mwenyewe. Nilimwona akirudi nalo. Akalitundika ukutani, akakaa, akaomba maji. Niliyaleta. Nilisubiri aseme kitu mpaka nikaoa, mpaka wewe ukazaliwa, mpaka tukamzika. Na nilikuwa naapa kwamba mimi sitakuwa hivyo. Kumbe nilikuwa najifunza kazi.

Sasa nakuja kwenye hasira yangu na wewe.

Ulikuwa na daftari. Ulikuwa na vipande vya mkupuo wa sita vilivyobeba mawe ya mtaa mzima. Kuanzia kesho yake ulijifungia humu siku mbili ukavijaribu vyote upya, na vyote vikapinda na kurudi. Badala ya kusema, "Basi mkupuo wa saba si kama wa sita, kuna mtu ameugusa," ukasema vipande vidogo vinadanganya! Ulikuwa na ushahidi mezani, na upande wa pili ulikuwa na neno la mzee mmoja mwenye wivu, yaani mimi, na ukachagua neno. Kwa nini hukukitazama ndani hata kipande kimoja kilichokatika? Mama yako alikitazama kwa kufumba na kufumbua, na yeye hakusoma chembe za nano popote. Wewe ulijua madonge ni nini. Ulinifundisha mwenyewe kwamba chembe zikiwa nyingi au zikitiwa vibaya zinapendana zenyewe kwa zenyewe, zinashikana donge, na donge ndani ya plastiki ni kama jiwe kwenye ugali, ufa unaanzia hapo. Ulikuwa na kila kitu. Ulichokosa ni kuthubutu kufikiri kwamba baba yako ni mwongo.

Nimekasirika kwa sababu uliniamini. Wallahi nimekasirika. Halafu nakaa kidogo naona kwamba hasira hii sina pa kuipeleka, maana anayelea mtoto wa kutomhoji babaye hawezi kulalamika asipohojiwa. Kila ulipouliza "kwa nini" ulipokuwa mdogo, nilikujibu "kwa sababu nimesema." Leo nakugombeza kwa kutouliza. Nivumilie, ndivyo nilivyo, hata kuungama naungama kwa kufoka.

Wiki iliyopita, ulipokuwa Dar kwa habari ya viza, nilifanya mambo mawili.

La kwanza, nilikwenda kwa mzee Koinet. Nilitembea, sikutaka bodaboda anisikie. Nilimkuta zizini. Nikamwambia yote: ndoo, vikombe vitatu, mbegu nyuma ya mlango. Alinisikiliza huku akimtoa ndama kupe sikioni. Nilipomaliza akasema, "Binti yako alikuja hapa."

Sikuwa najua hilo, Mwantumu.

Akasema, "Alikuja siku ile ile jioni. Akaokota vipande vyote zizini, asije ndama akajikata. Akaomba radhi tena. Kisha mama yake akaja, akaniomba nisimchukie mtoto. Sasa umekuja wewe. Mmebakiza nani nyumbani, paka?"

Nikamuuliza nimlipe nini. Akasema habari ya ndama tutaizungumza baadaye, kwanza anataka nguzo, na anataka zile zinazolala. Akasema alikuwa mjinga siku ile, maana hata yeye fimbo yake ikipinda haitupi. Nguzo zangu ngumu hazitaki tena hata bure.

La pili ndilo lililonichukua siku nne. Nilifungua daftari lako la bluu. Sijawahi kulifungua. Ninasoma polepole, miwani yenyewe imefungwa kwa uzi, lakini uliandika vizuri, kama uliyejua siku moja atasoma mtu mgumu wa kuelewa. Nilikausha unga kwenye sinia la mama yako. Hakulalamika sinia. Nilipima kikombe nikapangusa kwa rula. Nilikanda mbegu, nikaipitisha kwenye mashine mara mbili, na mara ya pili nilitaka kuiruka, mkono ukajizuia wenyewe. Nikatoa mkupuo wa nane. Nilikata vipande nikavibana kwenye jiliwa, nikatundika mawe, na nikaandika kwenye daftari kwa mwandiko wangu unaoujua. Samahani kwa alama ya kidole, ni grisi.

Jumatatu tulichimbia nguzo sita za majaribio kwa mzee Koinet. Akalileta dume lake, lile jeusi lenye nundu. Likajisugua kwenye nguzo ya kona, likaegemea kwa uzito wake wote. Nguzo ikalala mpaka nikafumba macho. Likatoka. Nguzo ikainuka. Mzee akaniambia, "Fumbua, imesimama." Bado zimesimama, nimepita leo asubuhi kuzitazama kabla ya kuandika chochote, nisije nikakuandikia uongo wa pili.

Kwa hiyo kipimo chako kilikuwa sawa. Kilikuwa sawa tangu mkupuo wa sita. Siku ile nilipaswa kusema neno moja na nikasema "inapinda." Neno lenyewe ni hongera. Limechelewa sana, limefika limechoka, lakini ndilo hilo. Hongera, mwanangu. Kazi yako ni nzuri, na ilinitia wivu, na nakupenda, na vyote vitatu vilikuwa vinakaa ndani ya mtu mmoja bila kuchanganyika.

Sikuambii usihame. Mimi si mtu wa kukupangia maisha tena, nimepoteza haki hiyo hapo mlangoni mbele ya mzee Koinet. Kama usimamizi wa miradi unaupenda, usome, na Mungu akubariki. Ila usihame kwa ajili ya mkupuo wa saba. Mkupuo wa saba si wako.

Na hapa ndipo ninapotaka uangalie begi lako. Chini ya kanga alizokuwekea mama yako, nimeweka daftari la bluu, lile ulilolitupa kwenye kapu la plastiki za kusaga ukidhani sitaona. Fungua ukurasa wa mkupuo wa saba. Pale ulipoandika matokeo, "zimekatika," sikugusa, maana ni kweli. Chini yake, penye sababu, wewe uliandika neno moja tu: mpimaji.

Neno hilo nimelikata kwa wino, mstari mmoja, lisomeke ili ujue lilikuwepo. Juu yake nimeandika: "Unga haukukaushwa. Vikombe vitatu badala ya kimoja. Mbegu haikutumika. Karatasi ya mpimaji haikufuatwa. Aliyefanya ni Omari, baba yake." Nimetia sahihi na tarehe. Mama yako ametia sahihi kama shahidi, bila kuombwa.

Kando ya daftari kuna kitambaa chenye vipande viwili, kimoja cha saba, kimoja cha nane. Usiniamini kwa sababu nimeandika vizuri, au kwa sababu ni baba, au kwa sababu unaondoka na moyo ni laini. Vipinde vyote viwili kwa mikono yako, usiku huu huu, kabla hujalala. Kisha njoo uniambie kilichokatika ni kipi.

Ukifika mstari huu, niko nje, jikoni. Nakoroga uji, na nimeanza na maji ya baridi.

Baba yako,
Omari